Kiunzi Huangukia Kwenye Kona: Jinsi ya Kumwendeleza Kijana katika Mashindano ya Farasi ya Kuruka Viunzi

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kushiriki mashindano ya farasi ya kuruka viunzi huuliza swali moja kabla ya mengine yote: lini ataruka mita 1.20? Swali hilo linaeleweka, kwa kuwa urefu wa kiunzi ndicho kitu pekee ambacho mtu asiye na uzoefu wa mchezo huu anaweza kukipima kwa macho akiwa nje ya uzio. Hata hivyo, urefu ni tunda la mambo mengine yasiyoonekana kwa urahisi. Farasi mzima mwenye afya, hata asiye na kipaji cha pekee, huruka mita moja bila kutaabika, na mara nyingi akiangusha mti wa kiunzi sababu ni kwamba amefikishwa pale akiwa amepoteza mizani, mwendo au mwelekeo. Kwa maoni yangu, maendeleo ya kijana katika mchezo huu yapimwe kwa ubora wa hatua sita au saba za mwisho kabla ya kiunzi, na maamuzi mengine yote, yawe ya kununua farasi, kuchagua shindano au kumwajiri kocha, yafanywe kwa kuzitazama hatua hizo.

Tuanze na kanuni, ambazo kwa bahati nzuri si ngumu. Uwanjani hupangwa viunzi vilivyopewa namba, aghalabu kati ya 10 na 13, na mpanda farasi huviruka kwa mfuatano huo ndani ya muda uliowekwa. Mti ukianguka, anapata pointi 4 za adhabu. Farasi akigoma mara ya kwanza, pointi 4 nyingine. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), lililoanzishwa mwaka 1921, farasi akigoma mara ya pili, au mpanda farasi akianguka, safari inaishia hapo. Muda unaoruhusiwa hupatikana kwa kugawanya urefu wa njia kwa kasi iliyopangwa: njia ya mita 420, kwa kasi ya mita 350 kwa dakika, hutoa sekunde 72. Wanaomaliza bila adhabu hurudi katika mzunguko wa kuamua, wenye viunzi vichache, ambamo wakilingana tena kwa adhabu saa ndiyo huamua mshindi. Wanaume na wanawake hushindana pamoja katika daraja moja, hadi Olimpiki, jambo ambalo wazazi wa wasichana wanapaswa kulijua mapema.

Ugumu halisi umefichika katika umbali kati ya kiunzi na kiunzi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu asiyeelewa umbali hawezi kuelewa kwa nini mtoto wake ameangusha mti.

Farasi ana miendo kadhaa: hutembea, huenda matiti (mwendo wa kasi kuliko kutembea, wa mapigo mawili), na hukimbia shoti. Mashindano huendeshwa katika shoti ya taratibu, mwendo wa mapigo matatu ulio kati ya matiti na shoti kamili. Katika mwendo huo farasi mkubwa hufunika takriban mita 3.6 kwa kila hatua. Akiruka kiunzi cha kawaida, hutua mita 1.8 hivi upande wa pili, na huhitaji mita 1.8 nyingine mbele ya kiunzi kinachofuata ili aondoke ardhini vizuri. Kwa hesabu hiyo, viunzi viwili vilivyoachana kwa mita 21.6 huwa na nafasi ya hatua tano kamili za farasi katikati yake. Ndiyo maana kabla ya shindano utawaona wapanda farasi wakitembea uwanjani wakiwa na buti zao, midomo ikicheza kwa kuhesabu. Kila mmoja amejizoeza kutembea kwa hatua za sentimita 90, kwa hiyo hatua zake nne ni sawa na hatua moja ya farasi. Akihesabu 24 kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, anaondoa mbili za kutua na mbili za kuondokea, anabakiwa na 20, naye anajua kuwa mbele yake kuna hatua tano.

Sasa tumfuate msichana wa miaka 15 anayeelekea kiunzi cha nne na cha tano, vilivyoachana kwa mita hizo 21.6. Ametembea njia vizuri na anajua kuwa ni hatua tano. Lakini anapotoka kwenye kona kuelekea kiunzi cha nne, farasi wake amelegea: miguu ya nyuma haisukumi, shingo imenyooka, na hatua imepungua hadi mita 3.4. Anakiruka kiunzi cha nne salama, ila kwa unyonge, na kutua mita 1.5 tu upande wa pili. Hatua tano za mita 3.4 ni mita 17. Ukijumlisha na ile 1.5 unapata 18.5, maana yake baada ya hatua ya tano bado mita 3.1 zimebaki mbele ya kiunzi. Umbali huo ni mrefu mno kuondokea, na ni mfupi mno kuongeza hatua nyingine kamili. Katika hatua ya tatu msichana ameshaiona hatari, akabana miguu kwa nguvu, farasi akajinyoosha na kukimbia akiwa amelala chini badala ya kujikusanya, akaondokea mbali, na mti wa juu wa kiunzi cha tano ukadondoka. Karatasi ya matokeo itaandika kosa katika namba tano. Kosa lenyewe lilifanyika kwenye kona kabla ya namba nne, na kocha anayemwambia msichana huyo kwamba angesukuma zaidi mbele ya kiunzi cha tano anatibu kidonda ambacho hakipo.

Hili ndilo linaloutofautisha mchezo huu na michezo mingi ya vijana. Sehemu inayopigiwa makofi, yaani farasi akiwa hewani, ndiyo sehemu ambayo mpanda farasi ana uwezo mdogo kabisa wa kuibadilisha. Farasi akishaondoka ardhini, wajibu wa mpanda farasi ni kutomsumbua. Uwezo wake wote uko katika shoti anayoitengeneza, mstari anaouchagua na uwiano anaoulinda wakati wa kuzunguka kona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi ya kijana anayetaka kupanda daraja haihusu viunzi virefu hata kidogo. Zoezi moja ambalo makocha wengi hulitumia huhitaji miti miwili tu iliyolazwa ardhini, mita 20 hivi kati yake. Kijana huipita kwa hatua tano, kisha huulizwa aipite kwa sita bila kumvuta farasi kwa ghafla, kisha arudi kwenye tano bila kumkimbiza. Anayeweza kufanya hivyo akizunguka kulia na akizunguka kushoto, farasi akiwa ametulia na masikio yake yakimsikiliza aliyempanda, tayari amejifunza sehemu kubwa ya kinachotakiwa katika njia ya mita 1.20. Asiyeweza hana sababu ya kuinuliwa viunzi, hata kama farasi wake anaruka kama swala.

Mkao nao una historia inayosaidia kuuelewa. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, wapanda farasi wa Ulaya waliegemea nyuma farasi alipokuwa akiruka, wakidhani wanamsaidia kuinua sehemu ya mbele na kumkinga asijikwae wakati wa kutua. Ofisa wa Kiitalia wa kikosi cha wapanda farasi, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni na akaona kuwa mtindo ule ulikuwa ukiwabana mgongo na kuwaumiza kinywa. Aliwafundisha wanafunzi wake kufupisha vikuku vya kuwekea miguu, kuuegemeza mwili mbele, na kuiacha mikono imfuate farasi anaponyoosha shingo. Mashindano yote ya leo yamejengwa juu ya fikra hiyo. Kwa kijana, maana yake ni kwamba mguu wa chini ukae imara chini ya mwili wake bila kuteleza nyuma, na mikono isogee kumfuata farasi. Farasi anayevutwa lijamu kila akiwa hewani hujifunza upesi kwamba kuruka kunaumiza, na siku moja, mara nyingi ile ya shindano kubwa, atagoma.

Mwili wa kijana wenyewe huleta tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika miaka ya balehe miguu hurefuka kabla ya kiwiliwili kupata nguvu ya kuimiliki. Mtoto aliyekuwa na mizani nzuri akiwa na miaka 12 huonekana ameisahau akiwa na miaka 14, na wengine huambiwa wamezembea. Wanachohitaji ni marekebisho ya vikuku, pengine tandiko jingine lenye nafasi ya paja refu zaidi, pamoja na mazoezi ya tumbo na mgongo nje ya farasi, kama kukimbia, kuogelea na kubeba uzito wa mwili wao wenyewe. Kupanda bila vikuku kwa dakika chache mwishoni mwa somo, kwa farasi aliyekwisha kuchangamka, ni dawa nzuri. Kulifanya zoezi hilo kwa saa nzima hadi kijana anashikilia kwa magoti ni kumharibu.

Kisha linakuja suala la farasi. Kwa watoto kuna poni, ambao kwa kanuni za kimataifa hawazidi sentimita 148 begani bila viatu vya chuma. Mashindano ya poni ya FEI ni ya wenye umri wa miaka 12 hadi 16, ukihesabu mwaka mzima ambao mtoto anatimiza umri huo. Kwa farasi wakubwa, daraja la watoto ni miaka 12 hadi 14, la vijana wadogo 14 hadi 18, na la vijana wakubwa 16 hadi 21. Utaona kuwa madaraja haya yanapandiana. Yameachwa hivyo kwa faida ya mtoto, kwa sababu mwenye miaka 14 anaweza kubaki kwenye poni, kuingia daraja la watoto, au kujaribu la vijana wadogo, kutegemea mwili wake na farasi aliye naye. Kuhama kutoka poni kwenda farasi mkubwa ndiyo hatua inayowaangusha wengi, na hesabu ya umbali inaeleza sababu. Hatua ya poni ni kama mita 3.1, hivyo ile njia ya mita 21.6 aliipita kwa hatua sita. Kijana aliyezoea kuona hatua sita kwa miaka minne huona sita hata anapokaa juu ya farasi wa hatua tano, naye hulazimika kujifunza upya jicho lake lote. Anastahili miezi kadhaa ya kulifanya hilo kwenye viunzi vya chini.

Wala haraka hiyo ya kuhama si sheria. Marion Coakes wa Uingereza alikuwa na poni aliyeitwa Stroller, ambaye hakuzidi kimo cha poni. Alipofikia umri wa kuhama, baba yake alifikiria kumuuza poni huyo, naye akamwomba wabaki naye. Mwaka 1965 Coakes na Stroller walishinda ubingwa wa dunia wa wanawake, uliokuwapo enzi hizo, katika uwanja wa Hickstead huko Uingereza, mwaka 1967 wakashinda shindano la Derby la uwanja huohuo, na mwaka 1968 wakapata medali ya fedha ya mtu mmojammoja katika Olimpiki ya Mexico, wakishindana na farasi wakubwa waliowazidi kimo kwa mbali. Poni wa namna hiyo ni nadra mno, na sisemi kwamba kila familia ina wake bandani. Ninachosema ni kwamba kijana na mnyama wanaoelewana wana mali ambayo haiuzwi kwa kuwa tu kalenda imegeuka.

Familia ikiamua kutafuta farasi mkubwa, kijana apewe mwalimu. Namaanisha farasi mzoefu, mwenye miaka kumi na zaidi, aliyeruka juu kuliko daraja analoingia kijana, anayejua kazi yake na kusamehe makosa. Wazazi wengi huvutiwa na farasi wa miaka mitano mwenye mruko wa ajabu, wakiamini kwamba mtoto na farasi watakua pamoja. Ni ndoto nzuri, lakini mara nyingi huwaumiza wote wawili, kwa kuwa mifupa ya farasi wa umri huo, hasa ya uti wa mgongo, bado haijakamilika, na akili yake inahitaji mtu ambaye tayari ana majibu. Farasi mzoefu huja na gharama zake: miguu huhitaji uangalizi, mpigaji viatu huja kila baada ya wiki sita hivi, na daktari wa wanyama apaswa kumpima kabla ya kununuliwa, kwa kumkunja viungo na kumtazama akienda matiti kwenye ardhi ngumu, pamoja na picha za eksirei pale bei inapostahili. Kama fedha haitoshi, kukodi farasi wa aina hiyo kwa msimu mmoja ni bora kuliko kumnunua asiyefaa.

Kenya ina sura yake katika jambo hili. Si wachache kati ya farasi wanaoruka viunzi huko ambao walianza maisha yao kwenye mbio, katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Farasi wa mbio ana moyo, ana kasi na ana akili, lakini amefundishwa kitu kinyume na kinachotakiwa hapa: hatamu zikikazwa, yeye huegemea na kuongeza mwendo, na anapokimbia hujinyoosha chini. Kumgeuza kuwa farasi wa kuruka huchukua mwaka au zaidi wa kazi ya taratibu, ya miduara, ya kubadilisha mwendo kutoka matiti hadi shoti na kurudi, hadi ajifunze kubeba uzito wake kwa miguu ya nyuma. Mtu mzima mwenye ujuzi anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Kumkabidhi mtoto wa miaka 13 farasi aliyetoka mbioni miezi miwili iliyopita, kwa sababu ya bei yake ndogo, ni kumwekea hatari ambayo hajaiomba.

Sasa tunaweza kurudi kwenye urefu, tukiwa na kitu cha kuupimia. Uingereza imeupanga mfumo wake wa farasi wachanga kwa ngazi zinazoeleweka: British Novice huanzia sentimita 90, Discovery mita 1.00, Newcomers mita 1.10, na Foxhunter mita 1.20. Kwa macho, tofauti ya ngazi moja hadi nyingine ni upana wa kiganja. Kwa farasi na mpanda farasi, kinachobadilika zaidi ni maswali yanayoulizwa na msanifu wa njia: viunzi pacha, vilivyo karibu na kurukwa mfululizo, huongezeka, viunzi vya upana hutanuka, na umbali huacha kuwa wa hatua kamili, hivyo kijana hulazimika kuamua kama atafunga, yaani kufupisha hatua za farasi, au atafungua, yaani kuzirefusha. Kwenye sentimita 90 farasi mzuri huficha makosa matatu. Kwenye mita 1.20 huficha moja, na ikizidi hapo hafichi hata hilo. Kwa maoni yangu kijana yuko tayari kupanda ngazi pale mzunguko safi katika ngazi aliyopo unapokuwa jambo la kawaida, katika viwanja tofauti, siku ya upepo na siku ya matope, na pale anapoweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini mti ulianguka siku ulipoanguka. Akipata farasi mpya, arudi ngazi moja au mbili chini, na asione aibu. Nick Skelton, aliyeshinda dhahabu ya mtu mmojammoja huko Rio mwaka 2016 akiwa na farasi Big Star, alikuwa na miaka 58, na alikuwa amewahi kuvunjika shingo mwaka 2000. Kijana wa miaka 16 ana muda mwingi kuliko anavyodhani, na kuliko wazazi wake wanavyodhani.

Wiki ya mazoezi ya kijana wa daraja la kati haihitaji kuruka viunzi zaidi ya mara moja au mbili. Siku nyingine ni za mwendo wa ardhini, za kutembea nje ya uwanja kwenye vilima, na siku moja ya mapumziko kamili. Kano za miguu ya mbele ya farasi hubeba mzigo mkubwa kila anapotua, na kila mruko usio wa lazima nyumbani unapunguza idadi ya ile atakayoweza kuifanya salama katika miaka ijayo. Kijana ashiriki mwenyewe katika utunzaji, hata pale ambapo kuna saisi, yaani mtunza farasi: apapase kila mguu asubuhi kabla ya kupanda, akitafuta joto au uvimbe ambao haukuwapo jana. Mkono unaofahamu miguu hiyo ikiwa mizima utagundua jeraha siku mbili kabla farasi hajachechemea.

Siku ya shindano mambo mengi huharibikia katika uwanja wa kupasha mwili moto. Huko huwekwa kiunzi cha wima na kiunzi cha upana, bendera nyekundu ikiwa kulia na nyeupe kushoto, na farasi 15 wakipishana kwa kelele. Kijana mwenye wasiwasi huendelea kuruka na kuruka, akitafuta mruko wa kumtuliza moyo, mpaka farasi anaingia uwanjani akiwa amechoka na ametumia mruko wake bora nje. Miruko 8 hadi 12 inatosha: michache ya chini, kiunzi cha upana kinachomfanya afungue mwili, na wima mmoja au miwili wa kumwamsha. Mtu mmoja tu asimame karibu na viunzi na kusema, naye awe kocha. Mzazi ana kazi nyingine, ambayo ni kubwa: kushika koti na maji, kujua saa ya kuingia, na kunyamaza. Kijana anayeitazama familia yake akiwa kwenye kona ameshaacha kutazama kiunzi. Baada ya mzunguko mbaya, mazungumzo yasubiri hadi farasi awe ameoshwa, amekunywa maji na amerudi bandani, kwa sababu maneno yanayosemwa langoni mwa uwanja hukaa moyoni mwa mtoto kwa muda mrefu.

Kuanguka kutatokea. Kofia ngumu iliyopigwa chini kwa kichwa hubadilishwa, hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu la ndani likishabonyea halilindi tena. Kijana aliyegonga kichwa, akapata kichefuchefu, akasahau alichokuwa akifanya au akalalamika mwanga unamuumiza macho, hapandi tena siku hiyo, na hapandi siku zinazofuata mpaka daktari amruhusu. Ile desturi ya zamani ya kumrudisha mtu juu ya farasi papo hapo ili asiingiwe na woga imewaumiza watu wengi. Woga una dawa yake, na dawa hiyo ni kurudi kwenye miti ya ardhini, kisha viunzi vidogo, juu ya farasi anayemwamini, kwa siku nyingi kadiri atakavyohitaji.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetamani kushindana nje kuna kikwazo ambacho hakihusiani na kipaji. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi vinavyoenezwa na visubi wadogo wanaouma hasa usiku, umeenea kusini mwa Sahara, na katika sura yake kali ya mapafu huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga. Wafugaji hutoa chanjo na huwafungia farasi ndani kabla ya machweo. Nchi ambazo hazina ugonjwa huo, zikiwamo za Ulaya, huweka masharti makali mno ya kuingiza farasi kutoka maeneo yenye ugonjwa, kiasi kwamba kumsafirisha farasi wa Nairobi kwenda kushindana huko ni jambo gumu na la gharama kubwa. Mpanda farasi husafiri, farasi hubaki.

Kuna milango iliyobuniwa kwa ajili ya hali kama hiyo. FEI huandaa mashindano ya kidunia ambayo njia zake husanifiwa mara moja na kupelekwa kwa mashirikisho ya nchi mbalimbali, kila nchi ikaijenga nyumbani kwa vipimo vilevile na matokeo yakalinganishwa. Michezo ya Olimpiki ya Vijana, iliyoanza Singapore mwaka 2010, huwapa washindani wote farasi wa kuazima kwa kura, na timu hupangwa kwa mabara, hivyo kijana wa Kiafrika na wa Kizungu huanzia mahali pamoja. Michezo ya mwaka 2026 ilipewa Dakar, ikiwa mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kupelekwa Afrika.

Kwa hiyo ujuzi wa kumpanda farasi usiyemjua, ambao kwingineko ni nyongeza, kwetu ni sehemu ya lazima ya mafunzo, na unaweza kufundishwa. Makocha na wamiliki wakubaliane kubadilishana farasi mara moja kwa mwezi, kila kijana akipewa dakika 20 tu kabla ya kuruka njia fupi ya viunzi vya chini. Dakika tano za kwanza amwache farasi atembee kwa hatamu ndefu na amtazame: anaegemea upande gani, anashtuka na nini, mgongo wake umelegea au umekaza. Kisha aende matiti kwa pande zote mbili na amsimamishe mara tatu au nne, apate kujua ni mguso wa kiasi gani unaotosha. Baada ya hapo aingie kwenye shoti na kuipita ile miti miwili ya mita 20 akihesabu, bila kumwomba farasi chochote, ajue hatua yake ya asili ni ndefu au fupi. Akipata sita pale alipotarajia tano, asimlazimishe kufika tano mara moja. Azunguke tena, atengeneze mwendo mapema kwenye kona, na aone kama farasi mwenyewe atampa ile tano.